Miaka Sabini ya Kuidanganya Kompyuta

Oktoba 1974 kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa 3850. Aliyesimama mbele yake aliona ukuta wa vijumba vya pembe sita, mithili ya sega la asali, na ndani ya kila kijumba mlikuwa na kopo la utepe wa sumaku lenye kipenyo cha sentimita tano hivi. Kila kopo lilibeba megabaiti 50. Kompyuta ilipohitaji taarifa fulani, mkono wa chuma ulikimbilia kijumba husika, ukachomoa kopo, utepe ukasomwa, na yaliyomo yakahamishiwa kwenye diski halisi. Kompyuta yenyewe haikuambiwa lolote katika hayo. Iliamini inazungumza na diski ya aina ya 3330 yenye megabaiti 100, kumbe ni makopo mawili yaliyojifanya diski moja. Mtambo mkubwa kabisa wa aina hiyo ulifikia gigabaiti 472. Leo kiasi hicho kinaingia mfukoni na nafasi inabaki. Wakati huo kilijaza chumba.

Ulikuwa uongo wa makusudi, na ulifanya kazi. Fundi wa leo anayekusanya diski za seva kumi kuwa hifadhi moja ya pamoja kwenye mtandao, kisha akaimegea kila mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni iliyo ndani ya kompyuta halisi, kipande chake, anaendeleza uongo uleule. Mashine pepe inaona diski nzima, safi, yenye mwanzo na mwisho. Ukiitafuta diski hiyo kwa macho hutaiona, maana vipande vyake vimetapakaa kwenye seva zote kumi.

Historia ya kazi hii mara nyingi husimuliwa kama mbio za kasi. Kasi ilikuwa na nafasi yake, lakini haikuwa ndiyo iliyowakosesha watu usingizi. Kilichowasumbua tangu mwanzo ni jambo la kawaida zaidi: diski hujaa. Kila hila iliyobuniwa ilikusudiwa kuongeza nafasi bila kumsumbua mwenye mali, na bei yake imekuwa ileile siku zote. Kadiri kompyuta inavyofichwa ukweli, ndivyo inavyolazimu pawe na daftari mahali fulani linalojua kipi kiko wapi. Daftari hilo likipotea, mali yote imepotea hata kama diski zote ni nzima.

Wakati diski ya kwanza ya kibiashara inatoka, hapakuwa na la kuficha. Ilitengenezwa San Jose, California, katika maabara ya IBM iliyoongozwa na Reynold Johnson, aliyekuwa zamani mwalimu wa sekondari huko Michigan. Mfumo wake, RAMAC, ulitangazwa mwaka 1956. Ulikuwa na sahani 50 zilizopangwa juu kwa juu, kila moja na kipenyo cha sentimita 61, na kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni tano. Uzito wake ulizidi tani moja, na mfumo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Mtunzi wa programu alipotaka rekodi, alitaja anwani yake hasa: sahani namba fulani, mstari fulani, kipande fulani. Data na mahali pake vilikuwa kitu kimoja. Ukihamisha rekodi, unaandika upya programu.

Mwaka 1962 IBM ikaleta modeli ya 1311, ambayo sahani zake zilichomolewa zikiwa kifurushi kimoja na kuwekwa rafuni. Hapo kupanua kukawa ni kununua kifurushi kingine. Daftari lilikuwa kichwani mwa karani wa chumba cha kompyuta, aliyejua mishahara iko kwenye kifurushi kipi na stoo iko kwenye kipi.

Hatua iliyobadilisha mambo kabisa ilitokea upande wa pili wa Marekani, Cambridge, Massachusetts, katika kituo cha kisayansi cha IBM. Robert Creasy, Les Comeau na wenzao walitengeneza mfumo wa CP-40, ulioanza kutumika Januari 1967. Uliigawa kompyuta moja kubwa ionekane kuwa kompyuta kadhaa, kila mtumiaji na ya kwake. Kompyuta ya kubuni ilihitaji diski, na diski halisi zilikuwa ghali. Wakaikata diski halisi vipande na kumpa kila mtumiaji kipande kilichojifanya diski kamili. Mtumiaji alisoma mstari namba sifuri wa diski yake, mfumo ukajumlisha namba fulani kimyakimya na kusoma mahali tofauti kabisa. Mwaka 1972 mbinu hiyo iliuzwa rasmi ndani ya VM/370. Mashine pepe na diski yake pepe, vitu ambavyo vijana wengi wa TEHAMA hudhani vilizaliwa na karne hii, vilikuwa bidhaa madukani kabla simu ya mkononi haijapigwa mara ya kwanza.

Kilichokuwa bado hakijaingia ni mtandao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta ndogo zilianza kuenea mashuleni na maofisini, huku diski ngumu moja ikigharimu kuliko kompyuta yenyewe. Kampuni ya Corvus, nayo ya San Jose, iliona biashara hapo. Ilinunua diski za megabaiti 5, 10 au 20 na kuuza mfumo ulioitwa Constellation, uliowezesha kompyuta nyingi za Apple II kutumia diski moja kwa zamu. Nakala rudufu zilirekodiwa kwenye kanda za video za nyumbani, zilezile za kurekodia filamu. Ilikuwa akili ya soko ambayo ni vigumu kutoivulia kofia.

Mfumo wa Corvus hata hivyo ulikuwa na kasoro ya kimaumbile. Ulishirikisha diski, haukushirikisha mafaili. Kila kompyuta ilipewa fungu lake na kuliandika yenyewe moja kwa moja, kana kwamba iko peke yake duniani. Mbili zikiandika fungu moja kwa wakati mmoja, kila moja ilifuta hesabu za mwenzake, na fungu likaharibika. Novell, kampuni ya Utah, ilichagua njia nyingine. Katika mfumo wake wa NetWare, uliotoka mwaka 1983, hakuna kompyuta ya mtumiaji iliyoigusa diski. Ziliomba faili kutoka kwa seva, na seva peke yake ndiyo iliyoandika. Tofauti hiyo ya kushirikisha diski na kushirikisha faili ingalipo mpaka leo, na fundi anayeisahau huikumbushwa kwa hasara.

Sun Microsystems ya California nayo ilikuwa ikiuza kompyuta za wahandisi, baadhi zikiwa hazina diski kabisa. Mwaka 1985 Russel Sandberg na wenzake walieleza hadharani mfumo wao wa kushirikisha mafaili, NFS. Uamuzi wao wa kushangaza ulikuwa kuifanya seva isikumbuke chochote kuhusu wateja wake. Kila ombi lilijitosheleza: faili gani, kuanzia wapi, kiasi gani. Seva ikizimika na kuwaka tena, haikuwa na kumbukumbu ya kurejesha. Mteja alirudia ombi lake mpaka akajibiwa. Wafanyakazi wa vyuo vikuu wa kizazi hicho waliijua vyema ile taarifa ya kwenye skrini kwamba seva haijibu na kompyuta inaendelea kujaribu. Ilikuwa na maana ya kwenda kunywa kahawa.

Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kilikuwa na mradi mkubwa zaidi pamoja na IBM, mradi wa Andrew, uliolenga kompyuta elfu kadhaa za chuo kizima. Mfumo wake wa mafaili, AFS, haustahili kupitwa haraka, maana ndani yake mlikuwa na karibu kila wazo ambalo wauzaji wa baadaye walilitangaza kuwa jipya. Mafaili yaligawanywa katika mafungu madogo. Kila mwanafunzi aliweza kuwa na fungu lake lenye kikomo chake. Seva moja ilipoelekea kujaa, msimamizi alilihamishia fungu kwenye seva nyingine wakati mwenyewe anaendelea kulitumia, naye asitambue. Kilichowezesha hayo ni hifadhidata ndogo iliyorekodi kila fungu liko kwenye seva ipi. Hapo daftari lilitoka kichwani mwa karani na kuwekewa seva zake lenyewe. CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, iliutumia mfumo huo kwa miongo kadhaa.

Desemba 1987, huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walitoa ripoti iliyotikisa biashara ya diski kubwa, na mwaka uliofuata wakaiwasilisha kwenye mkutano wa hifadhidata mjini Chicago. Hoja yao ilikuwa rahisi. Diski ndogo za kompyuta za mezani zilikuwa zimeshuka bei kiasi kwamba rundo lake lingeweza kuishinda diski moja kubwa ya IBM kwa kasi na kwa gharama. Tatizo lilikuwa uhai wake. Walipiga hesabu: diski moja ikitarajiwa kuishi saa 30,000, rundo la diski 100 litapata ajali yake ya kwanza baada ya wastani wa saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Dawa waliyopendekeza waliiita RAID, kuhifadhi taarifa za ziada ili diski moja ikifa, zilizobaki ziweze kukokotoa kilichokuwemo.

Hesabu ile ya saa 300 ndiyo kiini cha kila kilichofuata. Mpaka hapo ubovu wa diski ulichukuliwa kuwa msiba. Baada ya hapo ukawa ratiba.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya makabati makubwa. EMC ya Massachusetts, chini ya mhandisi Moshe Yanai, ilianza mwaka 1990 kuuza kabati la Symmetrix, lililojaa diski ndogo za inchi 5.25 zilizojifanya diski kubwa za IBM. Wateja walikuwa mabenki na mashirika ya bima, na kompyuta zao hazikugundua kwamba zimebadilishiwa. Programu nazo zilikuwa zikijifunza ujanja uleule. Mfumo wa AIX wa IBM ulikuja mwaka 1990 na meneja wa mafungu aliyekata diski katika vipande vya ukubwa sawa, akaviweka kwenye mfuko mmoja, kisha akaunda diski za kubuni kwa kuokota vipande kutoka popote. Fungu likijaa, unaongeza vipande. Mfuko ukiisha, unanunua diski. Mwaka 1998 Mjerumani Heinz Mauelshagen aliandika meneja wa namna hiyo kwa ajili ya Linux, na tangu hapo hata seva ya mtu binafsi chumbani ikawa na uwezo uliokuwa wa mabenki.

Kilichobaki ni kebo. Nyaya za SCSI zilizounganisha diski na seva zilifika mita chache tu, hivyo kila kabati lililazimika kukaa jirani na bwana wake. Mwaka 1994 kiwango cha Fibre Channel kiliidhinishwa Marekani. Kwa nyuzi za kioo, amri za diski ziliweza kusafiri hadi kilomita 10 na kupita kwenye swichi, hivyo seva nyingi zikafikia makabati mengi. Mtandao wa hifadhi ukazaliwa, na pamoja nao ugonjwa wa zamani wa Corvus ukarudi ukiwa na mtaji mkubwa. Seva ya Windows iliyochomekwa kwenye mtandao huo iliweza kuziona diski za majirani zake wa Unix na kuziandikia alama yake, na fungu la mwenzake likaharibika. Ndiyo maana mpaka leo kazi ya kwanza ya msimamizi, kabla hata ya kuumba fungu, ni kuchora mipaka: kwenye swichi anasema ni mlango upi unaruhusiwa kuzungumza na upi, na kwenye kabati anasema ni seva ipi inayoruhusiwa kuliona fungu lipi.

Mitandao hiyo ilikuwa ghali na wengi walijiuliza kama inastahili. Jibu lilitoka kwa watu ambao hawakuwa wakiuza diski hata moja. VMware ilianzishwa mwaka 1998 huko Palo Alto na Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu, wakiufufua ujanja wa CP-40 kwenye seva za kawaida. Mwaka 2003 ilitoa vMotion. Mashine pepe iliyokuwa ikifanya kazi kwenye seva moja ilihamia seva nyingine bila kuzimwa, na wateja wake wasihisi. Waliokuwa wakiona maonyesho ya kwanza walitafuta waya uliofichwa.

Waya ulikuwepo, tena hadharani. vMotion ilihamisha kumbukumbu ya muda pekee. Diski ya mashine haikusogea hata kidogo. Ilikuwa kwenye hifadhi ya pamoja ambayo seva zote mbili ziliiona tangu mwanzo, kwenye mfumo wa VMFS uliozipa seva nyingi ruhusa ya kuandika fungu moja kwa kupeana kufuli. Kwa maneno mengine, aliyetaka muujiza alipaswa kwanza kununua kabati. EMC iliyaelewa hayo haraka kuliko wote. Desemba 2003 ilitangaza kuinunua VMware kwa dola milioni 635, na kwa mtazamo wa leo ilikuwa bei ya kutupa.

Kuanzia hapo ndipo kazi ya kupanua ilipokuwa ngazi ya uongo juu ya uongo. Mashine pepe ya hospitali, tuseme, imejaa. Msimamizi anaongeza diski kwenye kabati. Kabati linalikuza fungu. Seva inaamriwa iangalie upya, ione fungu limekua. VMFS inatanuliwa ijaze nafasi mpya, jambo ambalo hadi toleo la VMware la mwaka 2009, vSphere 4, halikuwezekana, ikabidi watu waunge fungu la pili mkiani mwa la kwanza. Kisha diski ya kubuni inakuzwa, kisha kigawanyo ndani ya mashine pepe, kisha mfumo wa mafaili. Akikosea ngazi moja, nafasi iliyolipiwa inakaa bure bila mtu kuiona.

Wauzaji waliongeza hila nyingine tamu na hatari: kuahidi nafasi isiyokuwepo. Mashine 50 huambiwa kila moja ina gigabaiti 100, wakati kabati zima lina gigabaiti 2,000. Kwa kuwa wengi hawatumii hata nusu ya walichopewa, mambo huenda. Siku nafasi halisi inapokwisha, mashine zote zinazohitaji nafasi mpya hugoma kwa pamoja, na kila moja inaapa ina nafasi tele. Hila hiyo si mbaya yenyewe. Mbaya ni kuitumia bila kuweka kengele.

Bei ya mitandao ya hifadhi ilishuka mwaka 2004. Aprili mwaka huo kiwango cha iSCSI kilichapishwa, kazi iliyoongozwa na Julian Satran wa maabara ya IBM mjini Haifa pamoja na watu wa Cisco na wengineo. Kilibeba amri za diski ndani ya mtandao wa kawaida wa ofisini. Nyuzi za kioo hazikuwa za lazima tena. Swichi ya kawaida ilitosha. Mwaka uliofuata Mfaransa Olivier Cochard-Labbé alitoa FreeNAS, mfumo wa bure uliogeuza kompyuta kuukuu kuwa seva ya hifadhi. Yaliyokuwa ya mabenki yakaingia kwenye ofisi za uhasibu na maabara za shule.

Mwaka huohuo, Oktoba 31, Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa Sun waliingiza mfumo wao wa mafaili, ZFS, kwenye Solaris, mfumo endeshi wa Sun, baada ya miaka minne ya kazi. Bonwick alichoshwa na ngazi zile. Alitaka diski iwe kama kumbukumbu ya muda: ukichomeka kipande kipya cha kumbukumbu, hakuna anayekigawa wala kukipangia mipaka, kompyuta inakiona na kukitumia. Katika ZFS diski zote ziliingia mfuko mmoja, na mifumo ya mafaili ikachota humo kadiri ilivyohitaji. Kila kipande cha data kilikuwa na alama ya uhakiki, hivyo diski iliyodanganya ilikamatwa. Lilikuwa jibu safi kuliko yote yaliyotangulia. Pamoja na usafi huo lilikuwa na kiraka kimoja cha aibu: ukishaunda kundi la diski lenye ulinzi wa aina ya RAID-Z, hukuweza kuliongezea diski moja. Ilikupasa uongeze kundi zima jingine, au ubadilishe kila diski kwa kubwa zaidi. Makampuni yalimudu. Watu wa nyumbani walilalamika miaka nenda rudi. Ahrens mwenyewe ndiye aliyeandika suluhisho, nalo lilitoka Januari 2025 katika OpenZFS 2.3, toleo huria la ZFS, karibu miongo miwili baada ya mfumo kuzaliwa. Kupanua, kitu kilichoanzisha safari yote hii, kilikuwa ndicho cha mwisho kukamilika.

Google, kwa upande wake, ililiacha kabati kabisa. Mwaka 2003 Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza mfumo wa mafaili wa kampuni hiyo, uliojengwa juu ya maelfu ya kompyuta za bei rahisi na dhana kwamba kila siku kuna iliyokufa. Faili lilikatwa vipande vya megabaiti 64, kila kipande nakala tatu kwenye kompyuta tofauti. Daftari lilikuwa kompyuta moja kuu iliyoweka ramani yote kwenye kumbukumbu yake, chini ya baiti 64 kwa kila kipande. Hesabu hiyo ilitosha kwa muda, mpaka vipande vilipozidi.

Sage Weil, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliuliza swali ambalo watangulizi wake hawakulifikisha mwisho: je, daftari lenyewe linahitajika? Katika mfumo wake, Ceph, uliowasilishwa mwaka 2006, mahali pa kila kipande hupatikana kwa hesabu. Kila mteja ana orodha fupi ya diski zilizopo na mpangilio wake katika seva, rafu na vyumba. Analitia jina la kipande kwenye kanuni ya hesabu na kupata diski zinazokihifadhi kipande hicho. Wateja elfu wakikokotoa, wote wanapata jibu moja bila kuulizana. Diski mpya ikiongezwa, kanuni inabadilisha majibu kwa kiasi cha haki ya diski hiyo tu, na sehemu hiyo ya data ndiyo inayohama. Mwaka 2014 Red Hat ililipa dola milioni 175 kuinunua Inktank, kampuni aliyoianzisha Weil.

CERN ilianza na mtambo wa Ceph wa petabaiti 3 mwaka 2013, kwa ajili ya mashine zake pepe. Mwaka 2015 ilijaribu mkubwa zaidi, petabaiti 30 zenye diski 7,200. Ile orodha fupi ya diski haikuwa fupi tena. Kila programu ya diski ilitunza matoleo mengi ya nyuma ya orodha hiyo, na kumbukumbu za seva zikalemewa na ramani kabla hata ya data. Watengenezaji walirekebisha. Daftari lililodhaniwa limefutwa lilikuwa limegawanywa tu, kila mtu na nakala yake.

Simulizi hii haiwezi kukwepa usiku wa tarehe 21 Aprili 2011. Amazon ilikuwa imeanza kukodisha seva mwaka 2006, huduma ambayo, kwa taarifa ya wasiojua, ilitengenezwa Cape Town na timu ya Chris Pinkham. Miaka miwili baadaye iliongeza diski za kukodi, EBS, zenye nakala zaidi ya moja. Usiku huo, saa 6:47 kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, mafundi walikuwa wakiongeza uwezo wa mtandao katika kituo kimoja cha mashariki mwa nchi. Mizigo ya data ilielekezwa kimakosa kwenye mtandao mdogo wa akiba, ambao haukuweza kuibeba. Seva za hifadhi zikapoteana. Ziliporudi kuonana, kila moja iliamini pacha wake amekufa, ikaanza kutafuta nafasi ya kutengeneza nakala mpya. Zote zilitafuta kwa pamoja, nafasi ikaisha, nazo hazikukoma kutafuta. Asilimia 13 ya mafungu ya kituo hicho yalikwama. Tovuti maarufu kama Reddit na Foursquare zilizimika au kuyumba, na matengenezo yalichukua siku kadhaa, ikiwemo kubeba seva za ziada na kuzichomeka kwa mikono. Mwishoni asilimia 0.07 ya mafungu ya kituo hicho hayakurudi kamwe.

Taarifa ya Amazon baada ya ajali ni ndefu na ya kiungwana, na inastahili kusomwa na kila anayesimamia hifadhi ya pamoja, hata ya seva tatu. Hakuna diski iliyoanzisha balaa. Lilianzia kwenye upanuzi, likakuzwa na juhudi za mfumo wenyewe za kujitibu.

Siku hizi swali lililofichwa kwa miaka yote hii, yaani data iko wapi hasa, linarudi kupitia mlango ambao wahandisi hawakuutazamia. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, inayoweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi na kumpa waziri uwezo wa kuagiza kazi fulani zifanywe kwenye seva zilizo nchini. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Serikali nazo zimejenga, na Dar es Salaam, eneo la Kijitonyama, kuna kituo cha taifa cha data kinachoendeshwa na shirika la simu la taifa, TTCL. Wasimamizi wa sheria hizi hawapendezwi na majibu ya kihandisi. Kumwambia mkaguzi kwamba fungu haliko mahali popote hasa, kwamba liko vipande vipande kwenye diski elfu moja, ni kweli tupu isiyomsaidia.

Kwa bahati nzuri ramani ya Ceph ina ngazi za chumba, kituo na ukanda, na msimamizi anaweza kuandika kwamba nakala zote tatu zisivuke mpaka fulani. Wakodishaji wakubwa nao humtaka mteja achague eneo. Amazon ilifungua la Cape Town mwaka 2020. Rwanda imekwenda mbali kuliko majirani zake. Sheria yake ya Oktoba 2021 inaagiza taarifa binafsi zihifadhiwe ndani ya Rwanda, na anayetaka kuziweka kwingine lazima kwanza awe na cheti halali kutoka kwa mamlaka ya usimamizi.